Ini Limepona, Mbona Kichwa Bado Kizito?

Leo tunaanza na swali moja gumu kidogo. Mtu ameugua homa ya ini C. Ametibiwa, amemaliza dozi, vipimo vinasema amepona. Lakini bado anasahau mambo. Anachoka mapema. Anasoma ukurasa mmoja mara tatu na haelewi kitu. Halafu anatokea mtu na chupa ya vidonge: "Hivi vinasafisha ini na kuongeza kumbukumbu." Je, anunue?

Unaweza kusema, "Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, hayo yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Katika nyumba nyingi, maandishi madogo kwenye chupa yanasomwa na nani? Si ni wewe? Mzee anakuita: "Hebu njoo unisomee hapa wameandika nini." Siku hiyo wewe ndiye unayesimama kati ya mzee wako na ile chupa. Inafaa uwe unajua unachokisoma.

Baada ya somo hili utaweza:
- kueleza ukungu wa akili ni nini na kutaja sababu zake;
- kueleza ni lini kirutubisho husaidia na ni lini huumiza ini;
- kutambua dalili zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali haraka;
- kumshauri mtu mzima kwa heshima.

1. Kwanza tuujue ugonjwa

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Linachuja sumu, linatengeneza nyongo na linahifadhi akiba ya sukari na baadhi ya vitamini. Homa ya ini ni ini kuvimba. Zipo aina kadhaa, na kwetu Tanzania aina ya B ndiyo imeenea zaidi kuliko C.

Virusi vya homa ya ini C vilitambuliwa mwaka 1989. Wanasayansi watatu waliochangia kazi hiyo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Virusi hivi huenea kwa damu: sindano iliyotumika, wembe wa kuchangia, vifaa vya kuchora tatuu visivyosafishwa, damu isiyopimwa. Haviambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono wala kukumbatiana. Hadi leo hakuna chanjo ya aina ya C. Ya B ipo.

Wengi wenu mnaijua kichocho, hasa mnaokaa kando ya Ziwa Victoria. Basi sikilizeni yaliyotokea Misri, wanakoishi wenzetu wa bonde la mto Nile. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, wananchi wengi wa vijijini huko walitibiwa kichocho kwa sindano. Zilikuwa sindano za kioo, na mara nyingi zilitumika kwa mtu zaidi ya mmoja bila kutakaswa vizuri. Nia ilikuwa njema. Kichocho kilitibiwa, lakini virusi vya homa ya ini C vikaenea kimyakimya kutoka mkono hadi mkono. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba karibu watu 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 59 walikuwa na alama ya virusi hivyo katika damu.

Lakini Misri haikukaa kulia. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima karibu watu milioni 50, na waliokutwa na virusi wakapelekwa kwenye matibabu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitambua Misri kama nchi ya kwanza kufikia daraja la dhahabu katika njia ya kutokomeza ugonjwa huu. Maana yake ni kwamba leo wako watu wengi sana duniani waliopona homa ya ini C. Kwa hiyo swali letu la "baada ya kupona je?" si swali la mtu mmoja.

2. Matibabu ya zamani na ya sasa

Katika miaka ya 1990 dawa kubwa ilikuwa sindano za intaferoni, baadaye zikichanganywa na vidonge vya ribavirini. Matibabu yaliweza kuchukua wiki 48, na kwa aina ya virusi iliyo sugu karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Na madhara yake, usiseme! Homa, uchovu, huzuni nzito, na damu kupungua kwa sababu ribavirini huvunja chembe nyekundu. Intaferoni pia iliweza kuharibu kazi ya tezi ya thairodi, ile iliyo shingoni.

Kuanzia mwaka 2013 vilianza kupatikana vidonge vipya kama sofosbuviri. Mgonjwa humeza kwa wiki 8 hadi 12 tu, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Wiki 12 baada ya kumaliza, damu hupimwa tena. Virusi visipoonekana, mtu huyo amepona.

Angalia hapa wengi wanapokosea. Kingamwili, yaani askari wa mwili waliopigana na virusi, hubaki katika damu hata baada ya kupona. Kipimo cha kingamwili kitaendelea kusema "ndiyo" miaka yote. Hiyo haina maana kwamba ugonjwa umerudi. Na pia askari hao hawamlindi mtu asiambukizwe tena.

3. Ukungu wa akili ni nini?

Fikiria asubuhi ya ukungu kule Lushoto au Njombe. Barabara ipo, nyumba zipo, miti ipo, ila huvioni vizuri. Ndivyo anavyojisikia mtu mwenye ukungu wa akili. Anajua neno lakini halimji mdomoni. Anaingia chumbani na kusahau alichofuata. Hesabu rahisi inamchukua muda.

Je, anajifanya? Hapana. Mwaka 2001 watafiti wa London walichunguza ubongo wa watu waliokuwa na virusi vya homa ya ini C huku ini lao likiwa limeharibika kidogo tu. Waliona kemia ya ubongo wao ni tofauti na ya watu wasio na virusi. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa, "Acha uvivu." Jambo hili lipo kweli. Wengi hupata nafuu virusi vinapoondoka, lakini baadhi yao ukungu huchelewa kuisha.

Sasa shika neno hili, kwa sababu ndilo moyo wa somo letu: ukungu wa akili si jina la ugonjwa. Ni dalili, kama kikohozi. Kikohozi kinaweza kutokana na mafua, kifua kikuu au moshi wa kuni. Kuna mganga mwenye akili timamu anayewapa wote watatu dawa moja? Basi na ukungu ni hivyo hivyo. Tafuta sababu kwanza, chupa baadaye.

Sababu zinazoweza kuleta ukungu kwa mtu aliyepona homa ya ini C ni hizi:
- makovu makubwa katika ini, yaani sirosisi, ambayo hayaondoki siku virusi vinapoondoka;
- upungufu wa damu, uwe umetokana na minyoo, malaria, hedhi nzito au lishe duni;
- upungufu wa vitamini B12;
- tezi ya thairodi kufanya kazi polepole;
- kisukari kisichodhibitiwa;
- kukosa usingizi mzuri;
- sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha;
- pombe;
- dawa nyingine anazotumia, kwa mfano zile za kuleta usingizi.

Umeona? Mambo tisa. Muuzaji wa chupa hajauliza hata moja kati ya hayo.

4. Mfano: mjomba fundi cherehani

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo hutokea.

Mjomba ni fundi cherehani, ana miaka 52. Ana kisukari, na kwa miaka minane anameza metformini kila siku. Mwaka jana aligunduliwa kuwa na homa ya ini C. Aliipataje? Hilo si swali la kumuuliza mgonjwa. Alimeza vidonge wiki 12, akapimwa, akapona. Nyumba nzima ilifurahi.

Lakini kazini mambo hayaendi. Mara mbili amekata kitambaa cha mteja kwa vipimo vya mteja mwingine. Suruali ikatoka fupi, akalipa kitambaa mfukoni mwake. Anaogopa wateja watamkimbia. Ndipo jirani akamletea mtu mwenye chupa tatu: ya kwanza "ya kusafisha ini," ya pili "ya kumbukumbu," ya tatu "ya nguvu za mwili." Kila chupa shilingi 60,000, na kila moja ina vidonge 30. Anatakiwa kumeza viwili kwa siku kutoka kila chupa. Mjomba anafikiria kuchukua pesa za ada ya mtoto.

Hebu tumsaidie mjomba.

5. Kirutubisho husaidia lini?

Virutubisho vya nyongeza ni vidonge, unga au maji yenye vitamini, madini au mimea, vinavyotumika juu ya chakula cha kawaida. Kazi yake halali ni moja: kuziba pengo. Kama kuna kitu kimepungua mwilini na kipimo kimeonyesha hivyo, kukirudisha kunaweza kuleta mabadiliko makubwa. Kama hakuna pengo, unaziba nini?

*Vitamini B12.* Hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua, mtu husahau, huchoka, miguu huwaka au hufa ganzi, na damu hupungua. Wanaotumia metformini kwa miaka mingi wako katika hatari ya kuipungukiwa. Unamkumbuka mjomba? Hapo kuna kitu cha kupima!

*Madini ya chuma.* Husaidia pale tu upungufu wa damu umetokana na kukosa chuma. Kama damu inapotea kwa sababu ya minyoo, lazima minyoo nayo itibiwe, la sivyo unajaza ndoo iliyotoboka.

*Vitamini D.* Ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua. Wagonjwa wa ini wa muda mrefu mara nyingi wanayo kidogo. Kuirudisha ni vizuri kwa mifupa, ila usiahidiwe kwamba itafukuza ukungu.

*Zinki.* Mgonjwa mwenye sirosisi anaweza kuandikiwa na daktari wake. Si ya kujiandikia.

Hivyo vya juu vina mahali pake. Lakini mpaka leo hakuna kirutubisho kilichothibitishwa kwamba kinaondoa ukungu wa akili kwa watu wote waliotibiwa homa ya ini C. Mtu akikuambia kipo, muulize: "Kilijaribiwa kwa watu wangapi, na wakalinganishwa na nani?"

6. Jaribio la haki linafanywaje?

Katika biolojia mmejifunza kuwa jaribio linahitaji kundi la kulinganisha. Kwa dawa ni vilevile. Kundi moja hupewa kidonge chenye dawa, kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana nacho lakini hakina dawa. Wagonjwa hawajui nani kapewa kipi. Kwa nini? Kwa sababu mtu akiamini amepewa dawa, anaweza kujisikia nafuu hata kama amemeza unga mtupu. Tena ukungu hupungua na kuongezeka wenyewe. Ukianza chupa siku mbaya, wiki nzuri ikifuata utaisifu chupa.

Tuangalie mimea miwili maarufu.

Wa kwanza ni silimarini, inayotokana na mbegu za mbaruti maziwa, na huuzwa sana kama "kisafisha ini." Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 154 wenye homa ya ini C ambao intaferoni ilikuwa imeshindwa kuwaponya. Walimeza kwa wiki 24. Waliopewa silimarini, hata kwa dozi kubwa, ini lao halikupata nafuu kuliko la waliopewa vidonge vitupu.

Wa pili ni ginko, unaouzwa kama "dawa ya kumbukumbu." Jaribio lingine la Marekani lilihusisha wazee zaidi ya 3,000 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba ginko haikuwazuia kupatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hao hawakuwa wagonjwa wa homa ya ini, kweli. Lakini kama imeshindwa kulinda kumbukumbu za wazee hao wote, muuzaji anapata wapi uhakika wa kumwahidi mjomba? Tena ginko inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu, na mtu mwenye sirosisi tayari hutokwa damu kirahisi.

7. Vinavyoweza kuliumiza ini

Wapo wanaosema, "Aa, ni mimea tu, haina madhara." Hebu jiulize, tumbaku si mmea?

Ini ndilo linalopokea karibu kila unachomeza. Kwa mtu ambaye ini lake limetoka vitani, haya yanataka tahadhari:

- *Vitamini A iliyo tayari, inayoitwa retinoli.* Huhifadhiwa ndani ya ini lenyewe. Kwa mtu mzima isizidi mikrogramu 3,000 kwa siku. Ikizidi kwa muda mrefu huharibu ini. Mchicha, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa havina hatari hii, kula tu.
- *Madini ya chuma bila kipimo.* Chuma kikizidi hurundikana kwenye ini na kuliumiza.
- *Niasini, yaani vitamini B3, kwa dozi kubwa.*
- *Dondoo la chai ya kijani katika kapsuli.* Kikombe cha chai ni kitu kimoja, kapsuli yenye nguvu ya vikombe vingi ni kitu kingine. Watu wameumia ini kwa kapsuli hizo.
- *Kapsuli za manjano.* Manjano kidogo katika pilau au mchuzi hayana neno. Lakini kapsuli zilizokolezwa, hasa zikichanganywa na pilipili manga ili ziingie mwilini kwa wingi, zimeripotiwa kuumiza ini la baadhi ya watu Marekani na Italia.
- *Haiperikamu, mmea wa maua ya njano unaouzwa kwa ajili ya huzuni.* Mtu ambaye bado yuko kwenye dozi ya sofosbuviri asiutumie kabisa, kwa sababu hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Utauliza, "Kama ni hatari, mbona zinauzwa?" Swali zuri. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mtengenezaji wa virutubisho halazimiki kuithibitishia serikali kwanza kwamba bidhaa yake inafanya kazi ndipo auze. Dawa ya hospitali lazima ipite huko, chupa ya kirutubisho haipiti. Na katika utafiti wa hospitali kadhaa za nchi hiyo kati ya mwaka 2004 na 2013, miongoni mwa watu walioumizwa ini na vitu walivyomeza kama dawa, walioumizwa na virutubisho na mitishamba waliongezeka kutoka 7 hadi 20 kati ya kila 100.

8. Dalili za hatari: usisubiri!

Ini lenye sirosisi linaweza kushindwa kuondoa sumu kama amonia, inayotengenezwa utumboni. Amonia hupanda hadi kwenye ubongo. Huu si ukungu wa kawaida. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- analala mchana kutwa na kukesha usiku;
- amechanganyikiwa, hajui siku au mahali alipo;
- mikono inapepea akiinyoosha mbele;
- macho yamekuwa ya njano au tumbo limejaa maji;
- anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami.

Hali hii ina dawa yake hospitali, kama vile laktulosi, ambayo husaidia kutoa sumu kwa njia ya choo. Chupa ya kumbukumbu haifanyi kazi hiyo, na kila siku inayopotea ni hatari.

Zamani wagonjwa hawa walinyimwa nyama na maharage. Siku hizi madaktari wanashauri kinyume: wapate protini ya kutosha, kwani misuli nayo husaidia kuondoa amonia. Na mwenye sirosisi, hata kama virusi vimeisha, apimwe ini kwa ultrasaundi kila miezi sita, kwa sababu hatari ya saratani ya ini bado ipo.

9. Nini kinasaidia?

Mambo mengine hayauzwi kwenye chupa:

- *Usingizi.* Kulala na kuamka saa zile zile. Simu ikae mbali na kitanda.
- *Chakula mchanganyiko.* Dagaa, mayai, maharage, mboga za majani, matunda. Yai lina B12, tena bei yake unaijua.
- *Kutembea* nusu saa karibu kila siku.
- *Kuacha pombe kabisa.* Hapa hakuna mjadala.
- *Kuandika.* Fundi aandike vipimo kwenye daftari na kubandika karatasi ya jina kwenye kila kitambaa. Kutumia daftari si aibu. Ni akili.
- *Kazi moja kwa wakati mmoja,* na zile ngumu zifanywe asubuhi kichwa kikiwa chepesi.
- *Kusema.* Kama ni sonona, inatibika. Mtu asikae nayo peke yake.

10. Utamwambiaje mzee wako?

Kujua ni jambo moja, kusema ni jingine. Ukimwambia mjomba "Umetapeliwa," umeharibu. Jaribu hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Njoo unisomee hii lebo."

"Sawa mjomba. Naona hapa kuna vitamini A, na kwenye hizi nyingine mbili pia imo. Shuleni tumefundishwa kwamba ikizidi inaumiza ini."

"Sasa nifanye nini? Kichwa hakifanyi kazi, mwanangu. Juzi nimeharibu kitambaa cha watu."

"Pole sana mjomba. Ungeonaje tusifungue chupa kwanza, twende nazo zote kliniki? Tumwonyeshe daktari pamoja na dawa yako ya sukari, atuambie kama kuna kitu cha kupima. Nitakusindikiza Jumamosi."

"Haya. Jumamosi asubuhi basi, kabla jua halijawa kali."

Umeona? Hujamvunjia heshima, hujambishia, na chupa bado imefungwa. Kliniki mjomba alipimwa wingi wa damu, sukari, thairodi, B12 na hali ya ini. Ini halikuwa na sirosisi. B12 ilikuwa chini. Akaandikiwa B12 peke yake. Baada ya miezi michache miguu iliacha kuwaka na kichwa kikawa chepesi. Ukungu haukuisha wote, kuna siku bado anasahau. Lakini ana daftari, na suruali zinatoka sawa.

11. Uvumi na ukweli

*Uvumi:* Ini linahitaji kusafishwa kwa vidonge kila mwezi.
*Ukweli:* Ini hujisafisha lenyewe. Linachohitaji ni wewe usilibebeshe pombe na vitu visivyo vya lazima.

*Uvumi:* Vitamini ikiwa nyingi ndiyo nzuri zaidi.
*Ukweli:* Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka kwa mkojo, kwa hiyo pesa zako zimeishia chooni. Vitamini A ikizidi inabaki kwenye ini.

*Uvumi:* Aliyepona homa ya ini C hawezi kuipata tena.
*Ukweli:* Anaweza. Ajikinge na damu ya watu kama mtu mwingine yeyote.

*Uvumi:* Kama ni kirutubisho, hakuna haja ya kumwambia daktari.
*Ukweli:* Mwambie kila kitu, pamoja na mitishamba. Beba chupa yenyewe.

Zoezi

1. Rudi kwenye mfano wa mjomba. Chupa moja ya vidonge 30 inamtosha siku ngapi? Chupa zote tatu zingemgharimu kiasi gani kwa mwezi wa siku 30? Na kwa miezi sita?
2. Tuseme kwa dozi ya siku moja, chupa ya kwanza inampa mikrogramu 1,500 za retinoli, ya pili 900, na ya tatu 1,200. Jumla ni ngapi? Je, amevuka kikomo? Angeligundua hilo kwa kusoma lebo moja tu?
3. Rafiki yako anasema, "Shangazi alimeza kapsuli hizo akapata nafuu, kwa hiyo zinafanya kazi." Taja mambo mawili mengine yanayoweza kuwa yameleta nafuu hiyo.
4. Jadilini katika kikundi: kwa nini mtu aliye na hofu ya kupoteza kazi huwa mwepesi kununua chupa kuliko kwenda kupimwa? Mngemsaidiaje?
5. Igizeni mazungumzo ya mjomba na mpwa wake, lakini safari hii mjomba awe amekwisha kufungua chupa na anakataa kwenda kliniki.

*Majibu:* (1) Siku 15. Kwa mwezi ni shilingi 360,000, na kwa miezi sita ni shilingi 2,160,000. (2) Mikrogramu 3,600, amevuka. Kwa lebo moja asingegundua, lazima ajumlishe zote. (3) Kwa mfano: muda kupita, usingizi kuwa bora, kuacha pombe, kutibiwa upungufu wa damu, au imani tu kwamba amepewa dawa. Maswali ya 4 na 5 ni yenu wenyewe, myafanye klabuni au darasani.

Na ukirudi nyumbani leo, angalia kabatini. Kama ipo chupa, soma lebo yake yote, na yale maneno usiyoyajua yaandike pembeni ukamuulize mwalimu wa biolojia au mfamasia. Kusoma lebo ni bure.